Mkwe Asiye na Watu

Mzee Nkonde alikataa kiti. Mtu mwenye habari njema huketi, hata maji akanywa. Yeye alibaki kwenye kizingiti cha nyumba ya chuo, kofia mkononi, baiskeli ameiegemeza kwenye mlingoti wa goli, akasema lile alilokuwa amelifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kafutuma. Vyungu havitakuja Jumamosi.

"Kwa nini tena, yama?" Luse aliuliza. Nkonde ni kaka wa mama yake, na katika ukoo wao neno la mjomba, yama kama wanavyomwita, ndilo hufunga jambo na ndilo hulifungua. "Kuku wamekwisha nunuliwa. Mama ameazima vyungu mtaa mzima."

"Vyungu havina shida. Shida ni nani atavipokea. Amatebeto si kumpelekea mtu chakula kama mgonjwa hospitalini. Tunamshukuru mkwe mbele ya watu wake. Watu wake wanakaa naye mkekani, wanaweka chochote sahanini ili vifuniko vifunuliwe, wanajibu kwa niaba yake. Mumeo atakaa na nani? Na milingoti ya goli?"

"Ndugu yake anakuja kutoka Kilwa, na shangazi yake."

"Kwa boti ipi?"

Tangu mwanzo wa wiki boti za Kilwa, ile ya Wakongomani ng'ambo ya ziwa, zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya kipindupindu huko, na Djo, mdogo wa mumewe, alikuwa amepiga simu kusema kwamba yuko ufukweni na shangazi na kreti ya bia, wote watatu wanayatazama maji tu.

Amatebeto hiyo ndiyo karamu ambayo Luse alikuwa ameingojea tangu binti yake Idah akiwa mgongoni, na sasa Idah yuko sekondari. Kwao, mwanamume akimtunza mke vizuri, upande wa mke humpikia na kumletea vyakula vyote vya kwao, na wanawake huja wakiimba na vyungu kichwani. Mpaka siku hiyo ifike, mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwe wake, hali wala hanywi kwake, hasemi naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayekata kona. Wanaume wengine hupata heshima hiyo nguo za harusi hazijachakaa. Aubrey, mume wa Mutale, mdogo wake Luse, aliipata mapema kwa sababu ana kazi ya halmashauri na shati la mikono mirefu. Ambroise, mume wa Luse, hakuipata. Kwenye msiba wa baba yake Luse, wakwe walipewa viti na Ambroise akapewa ndoo akachote maji pamoja na vijana wa kukodiwa. Alichota. Alichota vizuri, tena akawashukuru waliompa ndoo.

Na safari hii hapakuwa na kusema tutafanya mwakani. Ziwa lilikuwa linakaribia kufungwa kwa uvuvi, na mama hawezi kubeba karamu ya mkwe bila samaki mbichi. Tena miguu ya mama ilikuwa imeanza kumgomea. Mutale na Aubrey, aliokuwa akiishi nao, wamehamishiwa Chipata. Kwa hiyo Royd, kaka yao mkubwa, alikuwa anakuja na gari Jumamosi hiyo kumchukua mama kwenda kuishi naye Ndola. Akishaondoka, nani atapika?

"Watu watakuwepo," Luse alisema.

"Watu gani?"

"Watu wake, yama. Ninyi leteni vyungu."

Nkonde alivaa kofia. "Haya. Lakini tukikuta mkeka mtupu tutageuka na vyungu vyetu kichwani, barabara nzima ituone. Usije ukanililia."

Akachukua baiskeli yake golini akaenda. Luse alibaki ameshika mlango, na hapo ndipo alipojiuliza ni watu gani hao aliowaahidi.

*

Ambroise Kalenga alirudi jioni na wavu wa mipira begani, goti la kulia likiburuta kidogo kama kawaida yake. Aliposikia habari alivua viatu kwanza, akavipigisha ukutani mchanga utoke.

"Achaka tu, mama Idah," alisema kwa Kiswahili chake cha Kikongomani, lugha ya nyumba yao. "Yama iko na haki. Batu yangu beko Kilwa. Tutafanya nini?"

"Achaka tu?"

"Hii haiko mara ya kwanza. Nyumba tuko nayo. Batoto banasoma. Mungu atukuzwe."

Luse aliweka chini kisu alichokuwa anakatia mboga. Kuna wake wanaoolewa na walevi, na wengine na wagomvi. Yeye aliolewa na mtu anayeshukuru. Mtu huyu alicheza mpira Likasi, akacheza Kipushi, akavuka akacheza Mansa, ndipo walipokutana, Luse akiuza chisense, dagaa wa huku, kwenye mlango wa uwanja. Kisha Mufulira, Kasama, Mansa tena, na timu moja ya Mpika ambayo mmiliki wake alifunga duka katikati ya msimu. Namba sita kila mahali. Kazi yake ilikuwa kumnyang'anya mtu mpira na kumpa mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyebebwa mabegani. Kila timu ilimwacha kwa njia ile ile: mkono, neno la asante kwa kazi yako, na nauli, nayo kama haikucheleweshwa. Na kila mara alirudi chumbani akisema Mungu atukuzwe, wakafunga vitu, wakaenda.

Alipoumia goti kabisa, chuo cha ualimu cha hapa Nchelenge kilikuwa kimebaki bila kocha, kwa kuwa mshahara wenyewe ulikuwa wa kumfukuza mtu. Yeye akauchukua, pamoja na nyumba iliyo nyuma ya goli. Aliishukuru ile nyumba kila siku, hata bati lilipovuja.

"Weye ulizobelea kufukuzwa," Luse alisema. "Bakikuambia toka, unauliza mulango iko wapi. Miye sikuzobelea. Miye niliolewa mbele ya batu yangu, na nataka batu yangu baseme mbele ya kila mutu: huyu mwanaume ametunza mutoto yetu. Mama akienda Ndola, nani atasema?"

"Ile kosa ilikuwa yangu," Ambroise alisema polepole. "Yale masahani."

Ni kweli. Wakati wa karamu ile ndogo ya kwanza, ya kumwonyesha mkwe moto wa ukweni, yaani jinsi wanavyopika kwao, walikuwa wamepanga chumba Mansa. Hakuwa na ndugu wa kumwelekeza. Baada ya kula alivichukua vyungu na sahani za ukweni, akavisugua kwa majivu na mchanga mpaka vikang'aa, akavibeba mwenyewe hadi Kafutuma akavirudisha. Kwao mtoto aliyelelewa vizuri harudishi chombo kichafu. Hakujua kwamba huku chombo cha ukweni hakirudi kitupu, hata kama ni sarafu ya kutupia ndani, hata kama ni kipande cha sabuni. Nkonde alifunua kimoja kimoja, akaona hewa. Wakasema mtu wa mpira ametudharau. Tangu hapo jina lake huko Kafutuma likawa hilo, wa mupila, na mama mkwe akafunga midomo.

"Ulikuwa mugeni," Luse alisema. "Mutu haachwe nje miaka yote juu ya usafi."

Alitaka kuendelea kumgombeza, lakini mume wake alikuwa ameinamia viatu vyake, anakwangua tope kwenye soli kwa kijiti, na alijua kwamba safari hii hakuwa ameridhika. Alikuwa anaumia, na hakujua namna ya kuumia mbele ya mtu.

*

Ijumaa asubuhi Luse alijifunga chitenge kipya akaenda Kashikishi, sokoni, kwa Chabu.

Kama kuna mtu Luapula asiyemjua Chabu, basi alizaliwa juzi. Alikuwa mshambuliaji wa Mansa katika ile misimu ambayo timu ilipanda daraja. Sasa ana duka la nyavu na injini za boti, tumbo limemtangulia, na watu bado humwita kwa kumpigia makofi barabarani. Siku ile duka lilikuwa limejaa. Wavuvi walikuwa wanaingiza nyavu zao kabla ziwa halijafungwa, wengine wanabishana juu ya injini za kukarabati. Luse alisalimia, akaambiwa asubiri. Alisubiri amesimama, kisha ameketi juu ya marundo ya kamba, kisha amesimama tena kwa sababu mtu alizitaka kamba. Watu waliokuja nyuma yake walihudumiwa wakaondoka.

"Bana Idah," Chabu alisema mwishowe, yaani mama Idah kwa Kibemba. "Habari ya kocha?"

"Yupo, mukwai," Luse alijibu kwa heshima. "Kesho wanamletea amatebeto. Ndugu zake wamekwama Kilwa. Nimekuja kuomba ukae naye mkekani."

Chabu alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Kesho? Kesho ndiyo siku ninayopokea nyavu za watu wote wa ufuko huu. Na mimi si Mkongomani, bana Idah. Nitakaa kama nani?"

"Kama mtu aliyecheza naye."

"Nimecheza na watu wengi." Alivuta droo, akatoa noti, akaikunja, akaiweka mkononi mwa Luse kwa namna ya mtu aliyezoea kuombwa. "Wanunulieni wageni vinywaji. Mwambie kocha nampongeza."

Duka zima lilikuwa linatazama. Luse aliikunjua ile noti. Ilikuwa kubwa, ingenunua vinywaji na ikabaki ya mafuta ya kupikia, na nyumbani chupa ya mafuta ilikuwa imesimama kichwa chini tangu juzi. Akaiweka juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja.

"Sikuja kuomba pesa, ba Chabu. Nimeomba mtu."

Akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka, akatoka. Hakugeuka nyuma mpaka alipolipita soko la samaki. Alijiona mjinga kwa kukataa, halafu akajiona mjinga zaidi kwa kwenda.

*

Alipokaribia chuo alikuta mazoezi yanaendelea, akaketi kwenye nyasi nyuma ya goli. Hakutaka kuingia ndani akaikute ile mikeka miwili aliyokuwa ameiazima.

Luse ameona mpira mwingi kuliko wanawake wengi wa ufuko huu, na hakuna timu nyingine aliyoiona ikifanya kama timu za mume wake. Msichana mmoja alifunga bao. Badala ya kukimbilia kwenye kibendera kucheza ngoma, alirudi nyuma kwa aliyempa pasi, wakashikana mikono. Kisha hao wawili wakarudi kwa aliyempa huyo, na hao watatu wakarudi mpaka kwa beki aliyeunyang'anya mpira kule mwanzo kabisa, wakamzunguka wakimpigapiga mgongoni. Ndipo mpira ukawekwa katikati. Vyuo vingine huwacheka. Mwamuzi mmoja aliwahi kuwapa kadi kwa kupoteza muda. Ambroise hakuwaruhusu waache. Asiyerudi nyuma anakaa nje, hata akiwa ndiye mfungaji bora.

Beki aliyezungukwa alikuwa Gloire, msichana wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi ziwani. Mazoezi yalipokwisha alikuja kumsalimia Luse kwa mikono miwili.

"Mama kochi, juu ya nini unaikala peke yako huku? Kuko kilio?"

"Hakuna kilio, mutoto yangu." Luse hakukusudia kusema zaidi. Lakini sauti ya yule msichana ilikuwa ya upole, na siku ilikuwa imemchosha, basi akamweleza kila kitu, Nkonde, boti, mkeka, na noti ya Chabu.

Gloire alisikiliza, mpira kwapani. "Banataka batu yake?"

"Batu yake."

"Batu ngapi?"

Luse alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu jana.

*

Jumamosi mikeka miwili haikutosha. Walikuja wavulana na wasichana wa timu zote mbili, wamevaa sare za chuo, mashati meupe yaliyopigwa pasi, kama watu wanaokwenda kusimama darasani mara ya kwanza. Walikaa chini pande zote za Ambroise mpaka kwenye nyasi za eneo la goli. Ambroise alikuwa amevaa koti lake moja, na alipowaona wanaingia alitaka kusimama awapange, kwa mazoea. Gloire alimwambia, "Kochi, leo weye unaikala," naye akakaa.

Nyimbo zilisikika kabla ya watu kuonekana. Wanawake wa Kafutuma walikuja kwa mstari, vyungu kichwani vimefunikwa vitambaa vyeupe, Nkonde mbele na fimbo yake. Nyuma kabisa gari la Royd lilikuja taratibu. Mama yao, bana Luse kama wote wanavyomwita, alishushwa penye uzio. Hakuingia uani. Alikalishwa kwenye kigoda nje ya uzio, mgongo ameugeuzia nyumba ya mkwe wake, kama adabu inavyotaka. Ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, begi lake lilikuwa limekwisha fungwa kwa safari.

Nkonde alifika mbele ya mikeka, akasimama. Wanawake wakasimama. Wimbo ukafa.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

"Ni watu wa mkwe, yama," Luse alijibu kutoka mlangoni.

"Ni watoto wa shule."

Wanawake walianza kutazamana chini ya vyungu vyao, na mmoja akageuza miguu kuelekea njia waliyojia. Gloire ndiye aliyesogea mbele kwa magoti, akapiga makofi ya heshima, viganja vikiwa vimekunjwa, akasema kwa Kiswahili chake kwa sababu kila mtu wa ufuko ule hukielewa cha kutosha.

"Yama, miye naitwa Gloire. Tulitokaka Pweto na boti, tukafika Kenani, kwenye kambi ya bakimbizi. Baba hakufika. Kochi alikuwa anakuya kule kila juma, na mupira ya kweli, anatufundisha batoto. Hakuna mutu alimutuma. Njo yeye aliongeaka na mama yangu mpaka mama akakubali nirudie masomo. Leo niko hapa, mwaka kesho nitakuwa mwalimu. Kama siko mutoto yake, munionyeshe miye niko mutoto ya nani."

Nkonde alikohoa. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa kufanya jambo la ukoo vibaya, na woga huo humfanya mgumu.

"Umesema vizuri, mwanangu. Nimekusikia. Lakini mtoto hapokei vyungu vya baba yake. Anatakiwa ndugu. Ndugu hata mmoja, mtu mzima. Bila ndugu nitawaambia nini wazee?"

Ambroise aliinua mkono kidogo, na Luse alijua atakachosema: kwamba hakuna shida, kwamba anawashukuru kwa kufika, kwamba warudi salama. Alimtolea macho ili anyamaze.

Mara pikapu ndogo iliyochakaa, imejaa nyavu, ikasimama nyuma ya gari la Royd. Aliyeshuka alitembea kwa shida kidogo, tumbo likimtangulia. Alivua viatu uani, akapita katikati ya wanafunzi akiomba radhi, akaketi mkekani upande wa kushoto wa Ambroise, chini yake kidogo, mahali pa mdogo mtu. Magaga ya miguu yake yalionekana na watu wote.

Nkonde alisahau fimbo yake. "Chabu? Chabu wa Mansa?"

"Ndiye, mukwai."

"Chabu mwenyewe?" Mzee aligeuka kwa wanawake kama vile wao hawana macho. "Huyu ndiye! Lile bao la Mansa, siku ya kupanda daraja, nilicheza ngoma mpaka nikapoteza kiatu. Nilirudi nyumbani na kimoja."

"Yama, lile bao nilipewa na nani?"

Nkonde alifikiri. "Sijui. Mpira ulikuja."

"Mpira haujileti. Mabao yote mnayonisifia yalitoka mguuni mwa huyu. Yeye ndiye aliyekuwa anakwatuliwa, mimi napata mpira na uwanja mweupe." Chabu alisema akitazama mkeka. "Walipomwacha, nilikuwa nimelala hotelini na medali yangu. Sikwenda hata kumuaga. Jana mkewe alikuja kuniomba mtu, nikampa noti. Sikulala. Mnatafuta ndugu yake, mimi ndiye. Kama kuna wa kunikatalia, aanze na mabao yangu."

Ambroise alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha jasho. Alilia mbele ya wanafunzi wake na hakujificha, na wavulana wawili wakubwa waliokaa nyuma yake waliinamisha vichwa kwa sababu nao ilikuwa imewafika. Luse alitamani kwenda kumshika, lakini siku hiyo haikuwa yake kusogea.

Nkonde alipangusa pua. "Basi nimesema mkwe hana watu," alisema, "na uwanja umejaa. Shusheni vyungu. Mtavunjika shingo."

Vikashushwa. Chabu aliweka sahanini, wanafunzi wakaweka walichokuwa nacho, mmoja akiweka kalamu, na vifuniko vikafunuliwa kimoja kimoja, na kila kimoja mwanamke mmoja akikieleza. Kuku mzima asiyekatwa, kwa sababu mkwe amemtunza mtoto mzima. Samaki wakubwa wa usiku huo huo. Maboga na karanga. Kwenye chungu cha mwisho hapakuwa na aliyeeleza. Ambroise alipofunua mvuke ulimpiga uso, naye akasimamisha mkono. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mafuta ya mawese, nyekundu pembeni, kama wanavyopika Kilwa na siyo kama wanavyopika huku.

"Nani alipika hii?" aliuliza.

Wanawake wakacheka, na mmoja akaelekeza kidevu kwenye uzio. Bana Luse alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wanawake wa Kikongomani sokoni, na miguu yake ile mibovu, akauliza inapikwaje. Luse hakuwa na habari. Mama yake hakuwa amewahi kumtaja Ambroise kwa jina wala kuuliza anapenda nini. Ambroise alikula kwa kiganja, taratibu, akampa Chabu, akampa Gloire, na kila tonge alisema natotela, natotela, mpaka Nkonde akamwambia atawamaliza kwa asante, ale tu.

*

Jua lilipoanza kulegea Royd alitazama saa. "Mama, twende. Nataka tufike Mansa kabla giza halijaingia."

Bana Luse hakuinuka kwenye kigoda. "Nkonde," alisema, "amekwisha kula?"

"Amekula."

"Vyote?"

"Vyote. Hata ile sombe yako."

Mama akashika uzio, akajiinua. Royd alikimbia kumshika mkono, akamwongoza kuelekea gari, lakini yeye alikuwa anavuta upande mwingine. Alipita penye uwazi wa uzio, akaingia uani hatua kwa hatua, katikati ya wanafunzi waliokuwa wanakusanya sahani, na kila mtu akaacha alichokuwa anafanya. Alifika mpaka mlangoni pa nyumba. Akavuka kizingiti. Akaketi kwenye kiti kile kile alichokikataa kaka yake.

"Mama, gari liko huku," Royd alisema.

"Naliona. Nenda salama, baba. Wasalimie Ndola."

"Lakini tulikubaliana..."

"Ulikubaliana na nani? Mimi nilikuwa sina pa kulala ufukoni huku. Kwa Mutale wamehama, na kwa Luse mlango ulikuwa haujafunguliwa. Mama hawezi kuomba afunguliwe mlango ili aingie yeye mwenyewe. Ningeanzia wapi kusema?" Alivuta pumzi. "Nilipika nikingoja mjomba wenu aache ubishi."

Luse aliketi chini palepale alipokuwa, kwenye mchanga, na chitenge chake kipya. Wiki nzima alidhani anapigania heshima ya mumewe. Hakujua kwamba upande wa pili wa karamu ile mama yake naye alikuwa amekaa na begi lililofungwa, akiogopa kupelekwa mbali na ziwa, na hakuwa na njia nyingine ya kubisha hodi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Aliwashukuru wote moyoni, hata Nkonde, hata Chabu na noti yake.

Mama alikuwa amegeuza uso kwa mkwe wake. Alimtazama wazi, kwa mara ya kwanza, usoni, yule mtu mwenye goti bovu na koti moja, aliyesimama mlangoni kwake mwenyewe bila kujua aweke wapi mikono. Alipofungua kinywa hakusema Kibemba. Alisema kile Kiswahili alichokuwa akiuzia samaki kwa Wakongomani miaka yote, na ambacho hakuwahi kumsemea yeye.

"Mukwe," alisema, "nipatie mayi ya kunywa. Na uniambie nitalala wapi."

Ambroise aliingia ndani kuyachota mwenyewe. Nje, Royd alifungua mlango wa nyuma wa gari akatoa begi.